Dinoflajelata Anapokataa Jina: Utatuzi wa Matatizo ya Utambuzi kwa Umbo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ameketi mbele ya hadubini, ana tone la maji ya bahari juu ya slaidi na kitabu cha picha pembeni, na bado seli anayoitazama hailingani na picha yoyote. Katika uzoefu wangu, hali hiyo ni nadra sana kutokana na spishi mpya. Mara nyingi seli imeharibiwa na dawa ya kuhifadhi, au imelala upande usiofaa, au imetoka kugawanyika muda mfupi uliopita, au kitabu chenyewe kimepitwa na wakati. Ndiyo maana maelezo haya yanafuata dalili anazoziona mtazamaji, si mpangilio wa familia na jenasi.

Kwanza tukubaliane maneno machache. Dinoflajelata ni viumbe wadogo wa seli moja, na wengi wao huogelea kwa mijeledi miwili, yaani nyuzi nyembamba za kuogelea. Mmoja hulala ndani ya mfereji unaoizunguka seli kiunoni, nao nitauita mshipi. Wa pili hutokea kwenye mfereji wa wima ulio upande mmoja wa seli na kuning'inia nyuma, na upande huo ndio tunaouita tumbo. Mshipi huigawa seli katika nusu ya juu, yenye kilele, na nusu ya chini. Wapo wenye deraya, yaani mabamba ya selulosi yaliyopangwa kama vigae chini ya utando wa nje, na wapo walio uchi, wasio na mabamba yanayoonekana. Spishi hai zilizokwisha kuelezwa ni zaidi ya 2,000, na takribani nusu yake hazina kloroplasti, kwa hiyo kukosa rangi ya kahawia si sababu ya kumtoa kiumbe katika kundi hili. Ukiwa na shaka kama ni dinoflajelata kweli, tazama kiini cha seli ikiwa hai: kromosomu zake hubaki zimesokotwa wakati wote, hata seli isipogawanyika, na kiini huonekana kina nyuzi nyuzi kama alama ya kidole gumba. Kiini cha namna hiyo hutakikuta katika diatomu, yaani mwani wa seli moja wenye ganda la silika, wala katika siliati, viumbe wa seli moja wenye vinyweleo vya kuogelea.

Seli zote zimekuwa duara jeusi lisilo na alama

Chunguza kwanza dawa ya kuhifadhi. Myeyusho wa Lugol, ambao ni iodini pamoja na iodidi ya potasiamu, huzipaka seli rangi ya kahawia iliyokolea, hufunika kloroplasti na kiini, na huwafanya dinoflajelata walio uchi wavimbe au wajikunje hadi wafanane na punje za mtama. Karenia, ambaye akiwa hai ni bapa kama jani, ndani ya Lugol anaweza kuwa mpira. Fomalini huhifadhi deraya vizuri zaidi, lakini wengi walio uchi hupasuka ndani yake, na mtu asiyelijua jambo hilo huandika kwamba hawakuwapo majini, ilhali waliangamia ndani ya chupa.

Ikiwa kosa ni kuzidisha Lugol, matone machache ya myeyusho wa sodiamu thaiosalfeti yataondoa rangi, na mipaka ya mabamba itaanza kuonekana. Kipimo kinachofaa ni kile kinachoyapa maji rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Tumia chupa ya kioo cheusi na uikague kila baada ya muda, kwa sababu iodini hupungua kwenye plastiki na kwenye mwanga, na chupa iliyopauka ni chupa inayooza. Rangi inaweza kuondolewa, lakini umbo lililokwisha kuharibika halirudi. Kwa walio uchi hakuna njia ya mkato: sehemu ya sampuli ni lazima itazamwe ikiwa hai, ndani ya saa chache baada ya kuchotwa.

Seli hai nazo zina matatizo yake. Taa yenye joto huzipasua zile zilizo uchi mbele ya macho yako, kwa hiyo punguza mwanga, fanya kazi haraka na upige picha kabla ya kuanza kuchora. Usiweke chupa ya maji ya pwani ya tropiki kwenye barafu kwa kudhani unaituliza. Iweke kivulini, ndani ya ndoo ya maji yaliyochotwa mahali pale pale. Kumbuka pia kwamba minyororo ya seli hukatika ndani ya dawa. Gymnodinium catenatum, anayejulikana hasa kwa minyororo yake mirefu, anaweza kufika mezani kwako akiwa seli moja moja zisizofanana kabisa na picha ya kitabuni.

Deraya tupu na seli laini katika chupa moja

Usikimbilie kuandika spishi mbili. Dinoflajelata wengi wenye deraya huivua wanapopata mshtuko wa joto, wa chumvi au wa kutikiswa, na seli iliyovuliwa hubaki laini na ya mviringo, ikionekana kama mmoja wa walio uchi. Chupa iliyosafirishwa juani ndani ya gari mara nyingi hufika ikiwa katika hali hii. Linganisha ukubwa wa seli laini na ukubwa wa deraya tupu, kisha utafute hata seli moja iliyonaswa ikiwa katikati ya kujivua. Hasara hii ina faida yake, kwa kuwa deraya tupu haina kloroplasti za kuficha mistari, na ndiyo ninayoitafuta kwanza ninapotaka kuhesabu mabamba.

Mchoro wako ni kinyume cha mchoro wa kitabu

Kosa hili huwapata hata waliozoea, nami nimo. Niliwahi kuchora mabamba ya seli zaidi ya ishirini kabla ya kugundua kwamba programu ya kamera ilikuwa imewekwa kuigeuza picha kama kioo cha kujitazamia. Kazi ya siku mbili ilibidi irudiwe.

Chanzo chake ni kwamba kulia na kushoto katika maandishi ya dinoflajelata ni kulia na kushoto kwa seli, si kwako wewe unayeitazama. Seli inapokuonyesha tumbo ni kama mtu aliyekukabili, ambaye mkono wake wa kushoto uko upande wako wa kulia. Mshipi huanzia kushoto kwa seli, kwenye mfereji wa tumbo, huzunguka mgongoni na kurudi tumboni upande wa kulia wa seli. Katika spishi nyingi, ncha inayorudi hushuka chini kidogo kuliko ile ya kuanzia. Kwa hiyo ukitazama tumbo sawasawa, ncha ya juu ya mshipi itakuwa upande wako wa kulia na ncha ya chini upande wako wa kushoto.

Ukiona kinyume cha hapo, yapo maelezo matatu, na ni vyema kuyapima kwa utaratibu huu. La kwanza ni kwamba umelenga upande wa mbali, yaani seli imekupa mgongo nawe unaliona tumbo kupitia mwilini mwake, kama mtu asomaye maandishi ya dirishani akiwa ndani ya duka. Zungusha kirekebishi kidogo kidogo ili ujue ni uso upi ulio karibu na lenzi, na usisahau kwamba katika hadubini ambayo lenzi zake ziko chini ya chombo, uso ulio karibu ni ule wa chini. La pili ni kifaa chenyewe. Andika herufi R kwenye kipande cha plastiki angavu na ukiweke mahali pa slaidi. Ikionekana kichwa chini si tatizo, kwa kuwa kuigeuza karatasi kunairudisha sawa, lakini ikiwa imepinduliwa kama kwenye kioo, basi kamera, programu au kichoreo ndicho chenye kosa. La tatu, ambalo likubaliwe tu baada ya mawili hayo kuondolewa, ni kwamba mshipi wa kiumbe huyo kweli hupanda badala ya kushuka, kama ulivyo kwa baadhi ya spishi za Protoperidinium, na hapo unachokiona ni sifa muhimu ya utambuzi.

Ili seli igeuke, gusa ukingo wa kifuniko cha kioo kwa ncha ya sindano huku ukiitazama. Tone likiwa jembamba mno seli hubanwa na haizunguki. Ongeza maji kidogo. Hakuna picha moja inayotosha. Kwa seli yenye deraya nahitaji angalau tumbo, mgongo, kilele na upande wa chini kabla ya kuandika jina la spishi, na pale ambapo sikupata pande zote huwa naandika jina la jenasi pekee.

Hesabu ya mabamba haitimii, au inazidi

Mfumo wa kuyataja mabamba tunaoutumia hadi leo ulitolewa na Charles Kofoid mwaka 1909. Mabamba yanayogusa kilele huandikwa kwa alama moja ('), yaliyo juu tu ya mshipi kwa alama mbili (''), yaliyo chini yake kwa alama tatu ('''), na yale ya mwisho wa chini kwa alama nne (''''). Ya mshipi hupewa herufi c, ya mfereji wa tumbo herufi s, na yale yaliyokaa katikati bila kugusa kilele wala mshipi hupewa a yakiwa juu, au p yakiwa chini. Kwa mfumo huo, Alexandrium huandikwa kuwa na bamba la kitundu cha kileleni, kisha 4', 6'', 6c, 5''' na 2'''', pamoja na mabamba madogo ya mfereji.

Ikiwa umepata mabamba pungufu, huenda mistari ya maungio haionekani. Rangi ya Calcofluor hushika selulosi, na chini ya miale ya urujuanimno mistari hiyo hung'aa buluu. Rangi hiyo hiyo hutenganisha Prorocentrum mdogo na diatomu, ambaye ganda lake ni la silika na halina selulosi ya kushika rangi. Lugol huizuia Calcofluor kufanya kazi vizuri, kwa hiyo iondoe kwanza. Maabara isiyo na hadubini ya namna hiyo haijakwama. Chukua sodiamu haipokloraiti, ambayo ndiyo jiki ya kufulia, izimue, uweke tone dogo kwenye ukingo wa kifuniko cha kioo na uivute upande wa pili kwa karatasi ya kunyonya maji. Yaliyomo ndani ya seli yatayeyuka na mabamba yataanza kuachana. Simamia zoezi hilo bila kuondoa jicho, maana kati ya mabamba yaliyolegea na mabamba yaliyotawanyika slaidi nzima kuna dakika chache tu.

Ikiwa umepata mabamba mengi kuliko yanavyotakiwa, shuku mikanda ya kukulia. Seli inapozeeka, kingo za mabamba huongezeka upana na kuacha ukanda wenye mistari myembamba kati ya bamba na bamba, na mgeni huuhesabu ukanda huo kama bamba jingine. Bamba la kweli huwa na vitundu au nakshi ya uso; ukanda una mistari sambamba tu. Katika Dinophysis na Prorocentrum ukanda wa namna hii hutokea kati ya nusu mbili za ganda kabla ya seli kugawanyika, na unaweza kuwa mpana kiasi cha kuifanya seli ionekane nene isivyo kawaida.

Protoperidinium anastahili neno la pekee. Spishi zake hupangwa kwanza kwa umbo la bamba la 1', ambalo likiwa na pembe nne huitwa ortho, tano meta na sita para, kisha kwa bamba la 2a lililo mgongoni, ambalo huitwa quadra, penta au hexa kwa hesabu hiyo hiyo ya pembe. Upande mmoja wa bamba unaweza kuwa mfupi kiasi cha kutoonekana, na meta akageuka ortho kwenye daftari lako. Badala ya kuhesabu pembe, hesabu majirani: bamba linalogusana na majirani sita lina pande sita, hata kama mmoja wao ni mdogo kama ncha ya kalamu.

Wakati mwingine hesabu haitimii kwa sababu waandishi wenyewe hawakukubaliana. Katika Gambierdiscus kuna bamba ambalo mwandishi mmoja amelihesabu kuwa la kileleni na mwingine kuwa la juu ya mshipi, na jumla zao zikatofautiana ilhali kiumbe ni kile kile. Soma mchoro kabla ya kusoma fomula.

Mshipi hauonekani kabisa

Uwezekano wa kwanza ni Prorocentrum, ambaye hana mshipi wala mfereji wa tumbo. Ganda lake ni nusu mbili zilizofumbana kama za kombe, na mijeledi yote miwili hutokea kileleni, penye mabamba madogo na, kwa spishi kadhaa, mwiba. Uwezekano wa pili ni sisti, yaani seli iliyojifunga na kulala chini kwenye tope hadi hali irejee. Tafuta ukuta mnene na, kwa baadhi yake, miiba au tabaka la chokaa. Sisti nyingi zina jina lake tofauti na la seli inayoogelea, kwa kuwa wataalamu wa visukuku walizipa majina kabla haijajulikana ni za nani. Polysphaeridium zoharyi, kwa mfano, ndiye sisti wa Pyrodinium bahamense.

Uwezekano wa tatu huonekana kwa macho matupu. Noctiluca scintillans hufikia mikromita 200 hadi 2,000, ni puto angavu lenye mkono mmoja mnene, na hana mshipi wala kile kiini cha nyuzi nilichokisifu hapo mwanzo. Anayemtazama mara ya kwanza humwita yai la samaki. Katika Bahari ya Arabu, upande wa Oman, wakati wa Kaskazi huenea aina yake ya kijani, ambayo rangi yake hutoka kwa mwani mdogo unaoishi na kuogelea ndani ya puto hilo.

Ni Gymnodinium au Gyrodinium?

Ikiwa kitabu chako kinasema kwamba ncha za mshipi zikipishana kwa zaidi ya moja ya tano ya urefu wa seli basi kiumbe ni Gyrodinium, kitabu hicho ni cha zamani. Kanuni hiyo iliachwa mwaka 2000, Daugbjerg na wenzake walipolipanga upya kundi hili kwa kutumia mfuo mwembamba unaopita kileleni pamoja na ushahidi wa vinasaba. Tangu hapo, Gymnodinium ni yule ambaye mfuo wake umejipinda kama kwato ya farasi, ukizunguka kinyume cha mwendo wa saa. Wa Akashiwo huzunguka kwa mwendo wa saa. Wa Karenia na Karlodinium ni mnyoofu, na Karlodinium, aliye mdogo, kwa kawaida ana pia kitundu cha tumboni. Gyrodinium amebaki na mfuo wa duaradufu uliogawanywa na ukingo, na mwili wenye mistari ya wima.

Tatizo la vitendo ni kwamba mfuo huo ni mwembamba sana. Kwa hadubini ya kawaida huonekana tu katika seli hai iliyotulia, kwa lenzi ya mafuta, na mara nyingi kwa bahati. Wanaotaka uhakika hutumia hadubini ya elektroni. Ikiwa sampuli yako ni ya Lugol pekee, andika "dinoflajelata aliye uchi" pamoja na vipimo vya urefu na upana, kisha uendelee na seli inayofuata. Maneno hayo ni bora kuliko jina la Karenia lililokisiwa, kwa sababu jina la kiumbe mwenye sumu likishaandikwa kwenye ripoti, halibaki maabara. Linafika kwa wavuvi na wauza chaza.

Mwenye minyororo mifupi na mshipi unaojizungusha mwilini karibu mara mbili kama uzi wa skrubu huenda ni Margalefidinium polykrikoides. Huyu ndiye aliyeenea katika Ghuba ya Oman na Ghuba ya Uajemi mwaka 2008 na 2009, akaua samaki wengi na kusimamisha mitambo ya kuondoa chumvi majini. Taarifa nyingi za tukio hilo zinamwita Cochlodinium, jina alilokuwa nalo hadi 2017.

Vile vilivyokung'utwa kutoka kwenye mwani vyote vinafanana

Anayefanya kazi katika pwani yetu au katika visiwa vya Bahari ya Hindi atakutana na kundi hili mapema, kwa kuwa hawa hawaelei na planktoni bali hukaa juu ya mwani, nyasi bahari na matumbawe yaliyokufa. Ukichukua mashada ya mwani, ukayatikisa katika maji ya bahari yaliyochujwa, kisha ukapitisha maji hayo kwenye chekecheo pana na kukusanya kinachobaki kwenye chekecheo la mikromita 20, utapata jenasi nne kuu zikiwa zimechanganyika na mchanga na diatomu.

Gambierdiscus ni bapa kutoka kilele hadi chini, mfano wa dengu, na upana wake ni takribani mikromita 60 hadi 100. Kwa kuwa ni bapa, hulala kifudifudi au chali na kuonekana duara tu, ndiyo maana wengi humchanganya na diatomu wa mviringo. Msukume asimame kwa ubavu na ubapa utaonekana. Kisha tafuta kileleni bamba dogo lenye uwazi uliopinda kama ndoano. Ostreopsis ana umbo la tone la maji au chozi, amechongoka upande wa tumbo, na kitundu chake cha kileleni ni mwanya mrefu uliosogea pembeni kabisa. Coolia ni mdogo kuliko hao, wa mviringo, na mhimili wake umeinama kiasi kwamba kilele hakikai juu kwenye kitovu cha duara. Prorocentrum lima ni umbo la yai lisilo na mshipi, lenye chembe nyangavu katikati, na vitundu vya ganda lake havifiki katikati hapo. Prorocentrum concavum naye ni mpana zaidi, uso wake una mashimo mashimo, na katikati ni laini.

Kosa la kawaida hapa ni kumwita kila Ostreopsis mdogo Coolia. Angalia mahali kilipo kitundu cha kileleni na uache ukubwa, kwa sababu Ostreopsis waliotoka kugawanyika wanaweza kuwa wadogo sana.

Kosa zito zaidi ni kumwita kila dengu Gambierdiscus toxicus. Spishi hiyo ilielezwa na Adachi na Fukuyo mwaka 1979 kutoka visiwa vya Gambier, Polinesia ya Ufaransa, na kwa miaka kumi na sita ilikuwa peke yake katika jenasi. Mwaka 1995 Faust akaongeza G. belizeanus, ambaye uso wake una vishimo vingi. Mwaka 2009 Litaker na wenzake wakaongeza spishi nne kwa mara moja. Na mwaka 2015 wale wenye umbo la mpira wakahamishiwa jenasi ya Fukuyoa. Kwa hiyo jina G. toxicus katika ripoti ya miaka ya 1980 halisomeki kama spishi moja, bali kama Gambierdiscus yeyote. Jambo hili lina uzito kwa sababu spishi hizo hazilingani kwa wingi wa sumu zinazosababisha siguatera, ugonjwa wa kula samaki wa miambani unaofahamika vizuri huko Réunion na Morisi. Upana wa bamba kubwa la upande wa chini na umbo la bamba la 2', kama ni la mstatili au la shoka, hupunguza orodha, lakini vipimo vya spishi hupandana, na mara nyingi uamuzi wa mwisho ni wa vinasaba. Hali ni hiyo hiyo kwa Ostreopsis, ndiyo maana wataalamu makini huandika Ostreopsis cf. ovata, na hizo herufi "cf." zinamaanisha kwamba anafanana naye na hajathibitishwa.

Pembe hazilingani, au seli ni ndogo kuliko kitabu kinavyosema

Tripos, ambaye vitabu vingi bado vinamwita Ceratium, hugawanyika kwa kurithisha kila mtoto nusu ya deraya ya mzazi, na nusu nyingine huota upya. Seli yenye pembe moja ndefu na nyingine kama kisiki ni mtoto ambaye hajamaliza kukua. Pembe pia huvunjika wavuni. Katika mnyororo, seli ya mbele huwa na pembe ndefu ya kilele na zinazofuata huwa na fupi, kwa hiyo pima seli kadhaa, na usimwamini aliye peke yake.

Dinophysis nao hutoa seli ndogo katika mzunguko wa maisha yao, na kadhaa kati ya hizo zilipewa majina ya spishi. Dinophysis dens imeonekana kuwa umbo dogo la D. acuta. Ukikuta wadogo na wakubwa pamoja, tafuta jozi ambazo hazijaachana au seli ambazo nusu zake mbili hazifanani. Jozi ya D. caudata, kwa mfano, hushikana mgongo kwa mgongo. Ikiwa nusu ya juu inachomoza wazi juu ya ukosi wa mshipi, yaani utando unaosimama kama kola kwenye ukingo wake, fikiria Phalacroma.

Kitundu cha tumboni kipo kwa seli hii, hakipo kwa ile

Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba Alexandrium mwenye kitundu kwenye ukingo wa bamba la 1' ni A. tamarense, na asiye nacho, hasa akiwa katika mnyororo wa seli zilizobanwa, ni A. catenella. Ukikuta seli za namna zote mbili katika sampuli moja, usirudie hesabu ukidhani umekosea. Mwaka 2014 kundi hilo liligawanywa katika spishi tano kwa msingi wa vinasaba, na ilionekana kwamba kitundu na minyororo havizitenganishi. Andika "kundi la Alexandrium tamarense", eleza kama kitundu kilikuwapo na katika seli ngapi, na uhifadhi sehemu ya sampuli isiyotiwa fomalini kwa ajili ya maabara ya vinasaba. Alexandrium minutum, ambaye Halim alimweleza mwaka 1960 kutoka bandari ya Aleksandria nchini Misri, mji ulioipa jenasi jina, hayumo katika kundi hilo.

Wavu haukupata chochote

Wavu wa mikromita 20 huwapitisha wadogo. Azadinium, aliyeelezwa mwaka 2009 kutoka pwani ya Uskoti, ana urefu wa takribani mikromita 12 hadi 16. Chota maji mazima kwa chupa na uyaache yatue kwenye chombo cha kutuamisha kwa muda wa kutosha, kwani wadogo hushuka polepole kuliko wakubwa.

Jina la kitabu halipo kwenye orodha ya sasa

Tafuta katika AlgaeBase, hifadhidata ya mtandaoni ya majina ya mwani, kabla ya kudhani kuna kosa la tahajia. Gymnodinium breve sasa ni Karenia brevis, Prorocentrum minimum ni P. cordatum, na Ceratium wa baharini ni Tripos. Kwenye daftari andika jina la sasa, na pembeni jina la kitabu ulichotumia.

Duara dogo la kahawia kutoka ndani ya tumbawe

Hapa umbo halitakusaidia, na ni heri kulijua hilo kabla ya kutumia siku nzima. Dinoflajelata wanaoishi ndani ya matumbawe huwa wamepoteza mijeledi, wana upana wa mikromita 10 hivi, na spishi zake hufanana mno hadi jicho likose pa kushika. Waliokuwa wakiitwa wote Symbiodinium waligawanywa katika jenasi kadhaa mwaka 2018, na ushahidi mkuu ulikuwa wa vinasaba. Kwa sampuli ya namna hiyo, hadubini hutumika kuhesabu seli na kuangalia ngapi zinagawanyika, na kwenye safu ya jina huandikwa familia tu, Symbiodiniaceae, mpaka majibu ya vinasaba yarudi.